Sauti ya Mama kwenye Depo ya Katikati

Sijui Kibangubangu. Jambo hili nimelikana maisha yangu yote ya utu uzima: mbele ya wajomba, mbele ya walimu wenzangu, hata mbele ya padri mmoja aliyekuwa akitafuta mtu wa kutafsiri nyimbo za misa, ambaye nilimwambia kwamba ningefurahi sana kumsaidia, ila muda ndio tatizo. Ninachojua ni kusalimia, kushukuru, kukataa chakula kwa adabu, na maneno ambayo mama aliyatumia kufukuza mbuzi. Kwa hayo, na kwa kutikisa kichwa mahali panapofaa, niliishi kama binti kamili wa Kabambare. Niliwahi hata kuandika makala ya kuwalaumu vijana wanaoziacha lugha za mama zao. Ilisifiwa sana. Msomaji mmoja wa Kindu aliniandikia kwamba ilimtoa machozi.

Baba yangu alikuwa mtu wa hapa Kasongo, mama alitoka Wamaza, kule Kabambare kwa Wabangubangu. Walikutana katika Kiswahili, kama watu wanavyokutana sokoni, nami, mtoto wao wa pekee, nilizaliwa hapo hapo walipokutana. Jamaa wa mama walipofika na magunia ya mpunga, mabega yao mekundu kwa vumbi la njia, mama alibadilika. Sauti yake ilishuka, mikono yake ikaanza kusema, na alicheka kicheko ambacho siku nyingine hatukukisikia. Kisha akanigeukia, "Lete maji ya wageni," na akawa amerudi. Nilidhani mtoto akikaa karibu na lugha muda mrefu itamwingia yenyewe, kama moshi unavyoingia nguoni. Haikuniingia. Nilikwenda shule ya masista, kisha chuo kikuu, nikarudi nikiwa na uwezo wa kuchambua mashairi ya watu waliokufa Ulaya, na nisiweze kumwuliza bibi yangu ni goti gani linalomuuma.

Nieleze sasa habari ya kompyuta, kwa sababu bila kompyuta ujinga wangu huu ungebaki kuwa kichekesho tu.

Niliipata kutoka kwa mradi mmoja wa maji uliofunga ofisi yake. Ilikuja na virusi vyote vya mradi. Ukichomeka flashi yoyote ndani yake, folda ziligeuka kuwa vishale vidogo visivyofunguka, na picha za ubatizo wa watoto wa jirani zilipotea mbele ya macho yangu. Nikaipeleka kwa fundi mwenye nyumba ya kupiga fotokopi karibu na soko. Tulisoma naye darasa moja shule ya msingi. Ni mtu mnene, mcheshi, ambaye huongea zaidi kuliko anavyotengeneza, na tangu niliporudi kutoka chuo hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Madamu wa iniversite," alisema alipoifungua. "Hii mashini iko na magonjwa kushinda lopitali."

"Itapona?"

"Itapona. Lakini tutaipatia bibi wa pili."

Alinieleza hivi. Mfumo wa zamani, ule uliokuja na kompyuta, ni bibi wa kwanza, yaani mke mkubwa. Hawezi kufukuzwa, kwa sababu programu yangu ya kuandikia iko kwake na nimemzoea. Lakini kando yake fundi angeweka mfumo mwingine, wa bure, ambao virusi hivyo haviuwezi. Kila mmoja na nyumba yake ndani ya diski ile ile. Nikiwasha, nitaulizwa leo ninaingia kwa nani.

"Wa kwanza haoni hata sahani moja ndani ya nyumba ya wa pili," alisema. "Kwake ile nyumba ni pori tupu. Wa pili anaweza kuchungulia kwa wa kwanza, lakini tusimuzoeze. Sasa mimi nitajenga depo hapa katikati. Depo ni ya wote wawili. Kila mutu anaingia, anaweka, anatoa. Kitu unataka wote wakione, weka mu depo."

"Na hawatagombana?"

"Watagombana kama wewe ndiye muzembe. Sikiliza, Madamu. Mbele ya kutoka kwa mumoja kwenda kwa mwengine, unazima. Unazima kabisa. Usilaze."

Nilimwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, kwa masikio. Lakini mimi ninaishi kwa paneli moja ya jua na betri iliyochoka. Kompyuta ikizimwa kabisa, kuiwasha upya kunakula moto mwingi wa betri, na inachukua muda wa mtu kuchambua mchele na kuuweka jikoni. Ikilazwa, inaandika mahali fulani kila kitu ilichokuwa ikifikiria, inajifunga, haili moto hata kidogo, na ukiiamsha unakuta sentensi yako imekatika pale pale ulipoikatia. Karibu kila mtu ninayemjua hapa mwenye paneli analaza. Tunailaza kompyuta kama tunavyofunika makaa kwa majivu, ili kesho tusianze upya. Sikuona kama ni uzembe. Niliona ni akili ya nyumbani.

Baba alikuwa amekufa tayari, na mama aliishi nami. Alasiri moja alikuwa barazani akipepeta mchele, akaweka ungo chini.

"Lete ile simu yako ya kushika sauti."

"Ya nini, mama?"

"Nimekuambia, ya kushika sauti. Unataka nikuambie mara ngapi?"

Nikaileta. Akajifuta mikono, akakaza kitenge, kama mtu anayepigwa picha.

"Siku yangu ikifika," alisema kwa Kiswahili, "wa kwa baba yako watanitaka hapa, kando yake. Ndugu zangu watanitaka kwetu. Watapigana juu ya kichwa changu, na mimi nitakuwa nimelala pale kama muhogo. Sasa mimi ndiye nitalala mu lile shimo. Acha niseme mwenyewe."

"Sema, mama. Inashika."

"Nitasema kwa luga yetu. Nikisema Kiswahili, ndugu zangu watasema ni mutoto ndiye alimufundisha maneno. Wewe utaweka mbele ya watu wote, wa hapa na wa kule, wasikie mudomo wangu."

Kwa wajomba zangu ndivyo ilivyo. Maneno ya mwisho yana uzito pale tu yanaposemwa kwa lugha aliyonyonya nayo aliyeyasema. Kiswahili ni cha kuuzia, kuombea na kulelea watoto. Hakitoshi kuagizia kaburi.

Akaanza. Alisema kwa muda mrefu. Aliita majina, nikayatambua. Alitaja baba yangu. Alicheka mahali fulani, akanyamaza, akaendelea polepole, na nilijua kwa namna alivyoshika goti lake kwamba amefika kwenye jambo lenyewe. Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kichwa vizuri sana, nina uzoefu.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Yote?"

"Yote."

Aliniangalia kidogo. Kisha akachukua ungo wake. "Basi. Usimuambie mutu mbele ya siku yenyewe. Wakijua sasa, watakuja kunisumbua nikiwa muzima."

Kwa hiyo nikabaki na siri nisiyoijua. Sikuweza kumpelekea mtu anitafsirie, kwa sababu kila Mbangubangu aliye Kasongo ama ni ndugu wa mama ama ananunua chumvi kwa ndugu wa mama, na kabla ya jua kuzama habari ingekuwa imevuka na kufika Wamaza. Nilijifariji kwamba mashine imeshika. Siku ikifika, nitabonyeza, watu watasikia, nami nitalia pamoja nao kwa wakati unaofaa.

Jioni ile ile nikaihamisha sauti kutoka kwenye simu. Simu yangu inashikwa na kila mtu: wanafunzi, majirani wanaotafuta mtandao, watoto wanaocheza michezo. Haikuwa mahali pa siri. Kompyuta ilikuwa imelala, mfumo wa zamani ukiwa na makala yangu wazi ndani yake, makala kuhusu namna wanaume wa Kasongo wanavyosubiri mvua iishe chini ya mabaraza ya watu wengine. Sikuuamsha. Niliwasha na kuchagua mfumo wa pili, kwa sababu kule hakuna virusi vya kula folda. Nikaiweka sauti ya mama kwenye depo. Nikaifungua, nikasikia anakohoa na kusafisha koo. Nikaridhika, nikaifuta kwenye simu.

Kisha nikarudi kwa bibi wa kwanza. Mfumo uliamka vizuri, sentensi yangu imekatika pale pale. Nikaimalizia makala, nikatia picha za mabaraza, nyingi, kwa kuwa nilizipenda, nikaihifadhi kwenye depo.

Hayo tu ndiyo niliyofanya. Mimi mwenyewe, nikiyasoma hapa, sioni mahali nilipoweza kusikia kitu kikivunjika.

Mvua zilipokuwa zimeshika, mama alianguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande mmoja, mkono na mguu wa kuume vikafa. Hospitalini walifanya walichoweza, kisha wakaturudisha nyumbani. Sauti ilikuwa imekwenda. Hakubaki hata na sauti ya kuugua. Alibaki na macho, na mkono wa kushoto uliojua kubana.

Watu wakaja. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, alifika kila asubuhi na kiti chake mwenyewe, maana haviamini viti vyangu. Mjomba, mdogo wa mama, alitoka Wamaza kwa pikipiki, akafika ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Wote wawili ni watu wenye heshima, na mtu mwenye heshima hazungumzi habari ya kaburi mgonjwa akiwa bado anapumua. Kwa hiyo walizungumza habari ya barabara.

"Njia ya kwenu iko namna gani?" baba mdogo aliuliza.

"Iko mubaya," mjomba alijibu. "Lakini mutu anapita."

"Mutu muzima anapita."

"Ee. Na akiwa amebebwa, pia anapita. Sisi tuko na mabega."

"Mabega yanachoka, shemeji."

"Yenu labda. Nyie munabebwa na pikipiki kwenda mpaka chooni."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, kisha wakaangalia mvua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya ndizi, nikajua kwamba wameshaanza kupigana.

Alasiri mjomba aliniita kando. "Mwipwa wangu, yaya, dada yangu mukubwa, aliniambia alipokuja kwetu kuzika, kwa kilio cha mwisho. Alisema ameacha maneno, iko kwako, ndani ya mashini. Ni kweli?"

"Ni kweli, mujomba."

"Wewe uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Anataka wapi?"

"Alisema siku yenyewe," nilijibu, nikashukuru Mungu kwa siri ya mama, ambayo ilinifunika kama mwavuli wa kuazima.

"Hiyo ni vizuri," mjomba alisema. "Ni vizuri sana. Na mimi sitauliza tena."

Nikaingia ndani nikaamsha kompyuta. Nilitaka tu kumsikia akikohoa. Kwenye mfumo wa zamani depo ilifunguka, makala yangu ya mabaraza ilikuwepo, na hakukuwa na kitu chochote chenye jina la mama. Nikajiambia, labda wa kwanza haoni. Ndivyo fundi alivyosema, wa kwanza haoni. Nikaenda kwa wa pili. Kule depo ilionyesha folda moja yenye jina la herufi zisizosomeka, kama shanga zilizomwagika. Nilipoibonyeza ikaniambia haipo. Nilibonyeza tena. Nilizima, nikawasha, nikazima kabisa kama nilivyoagizwa zamani, utii mkamilifu, miezi mingi baada ya kuhitajika.

Nilimpigia fundi simu, akaja nyumbani mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Aliangalia kioo muda mrefu bila mzaha, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Uliilaza," alisema.

Nikaanza kumweleza habari ya betri.

"Madamu, ninauliza kama ninauliza mugonjwa. Ulilaza wa kwanza, ukaenda kwa wa pili, ukaweka kitu mu depo, ukarudi kumuamsha wa kwanza?"

"Mara moja."

"Mara moja gani?"

"Ile ya mama."

Akavuta kiti cha baba mdogo, akaketi. Alinieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko mizaha yote. Mfumo unaolazwa unakwenda kulala na picha ya depo kichwani mwake, kila kitu mahali pake. Ukiamka hauangalii tena. Unaamini kwamba wakati umelala hakuna aliyeingia. Katika picha ile, pale alipokuwa amewekwa mama, palikuwa patupu. Kwa hiyo nilipohifadhi makala yangu, mfumo ukatafuta mahali patupu, ukaikuta sehemu nzuri, pana, ukaiweka hapo pamoja na picha zake zote. Kisha ukaandika upya orodha ya depo jinsi ulivyoikumbuka, na katika kumbukumbu zake mama hakuwahi kusema.

"Hakuna virusi," alisema. "Hakuna mwizi. Ni wewe mwenyewe umemukalia."

"Na simu?"

"Uliifuta zamani, na tangu pale umeijaza picha za wanafunzi. Simu imekwisha." Akaanza kufungua skrubu za kompyuta. "Usiiwashe tena. Ninaenda Kindu kutafuta wino. Kule kuna mwenzangu ako na programu ya kuokota vipande. Mahali makala yako haikukalia, pengine sauti ingaliko."

Alifunga diski ndani ya kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Aliondoka na pikipiki ya kwanza iliyokubali kuvuka matope.

Nilibaki na mama. Nilikaa kando ya kitanda, nikamshika mkono ule uliokuwa hai, nikamwambia kwa Kiswahili, lugha yetu sisi wawili, kwamba siku ile barazani sikuelewa. Nilimwambia kwamba sijawahi kuelewa. Nilimwambia habari ya depo pia, vibaya, nikichanganya, kwa sababu nilitaka awe na mtu mwingine wa kumkasirikia pamoja nami. Macho yake yalinitazama tu.

"Mama, unataka kwenda kwenu? Wamaza?"

Akanibana mkono.

Nilikuwa tayari kumwita mjomba. Lakini mimi ni mtu niliyesoma, na mtu aliyesoma lazima ahakikishe.

"Au ulale hapa, kando ya baba?"

Akanibana mkono, kwa nguvu ile ile.

Nikamwuliza kama anataka uji. Akanibana.

Alikufa asubuhi, mvua ikiwa imetulia kidogo, mimi nikiwa nimetoka kuteka maji. Fundi alikuwa hajafika Kindu.

Wanawake walijaa uani. Seremala alianza kupiga misumari. Baba mdogo alitaka mazishi siku ile ile. Mjomba alikaa mlangoni pa chumba alimolazwa mama, miguu ameinyosha, ili yeyote anayetaka kupita amruke. Mwishowe waliniita, nikasimama kati yao.

"Weka basi hiyo sauti," baba mdogo alisema. "Tusikie, tuzike. Maiti haingoji."

Hapo hapakuwa na mwavuli tena. Nikasema. Kwanza habari ya diski, ambayo walielewa nusu. Kisha nikasema kwamba hata mimi siwezi kurudia maneno ya mama kwa mdomo, kwa sababu sijui Kibangubangu.

Mjomba alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Hiyo tunajua," alisema.

"Munajua?"

"Mwipwa wangu. Kwa kilio cha bibi yako, mutu alikuambia pole kwa luga yetu, wewe ukamujibu kwamba umeshiba. Watu walitoka nje wapate kucheka."

"Mama alijua?"

"Kama alijua? Yeye ndiye alitukataza kucheka mbele yako. Alisema, mutoto wangu amesoma, kichwa kimejaa, muachieni." Alitupa kijiti. "Ndiyo sababu alitaka mashini. Alisema wewe utatikisa kichwa, lakini mashini itasikia."

Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza aibu. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba aibu inaweza kuwa jambo la kimya hivi: kugundua kwamba uongo wako ulilindwa na yule uliyekuwa ukimdanganya, na kwamba alipouzunguka kwa uangalifu wote, akapanga kila kitu bila kukutegemea, akakuachia kazi moja tu ya kubeba, wewe ukaikalia.

Mjomba ndiye aliyetoa neno. "Tungoje simu ya huyo fundi. Akipata, tufuate mudomo wa yaya. Akikosa, alale hapa kwa bwana wake. Mimi sitabeba dada yangu kwa mabega bila neno lake, kama mwizi wa mbuzi."

"Na simu ikikawia?" baba mdogo aliuliza.

"Ameishi kwenu miaka yake yote, shemeji. Munaweza kungoja simu moja."

Ikakubaliwa. Tukangoja siku ile, na iliyofuata tukaanza kuchoma majani yenye harufu kali pembe za chumba. Seremala alimaliza, akabaki amekaa juu ya mbao zilizobaki. Nilishika simu mkononi mchana kutwa, nikizunguka ua kutafuta mahali ambapo mtandao hausiti, mpaka nikapapata karibu na banda la kuku. Nikaletewa kigoda hapo. Kuku walinizoea.

Simu ililia asubuhi. Mjomba alifika kabla sijaipokea, na baba mdogo nyuma yake. Nikaifungua sauti ili wote wasikie.

"Alo, Madamu. Pole sana. Nimesikia habari huku."

"Asante. Umepata?"

"Nimepata vipande. Sikiliza vizuri, mutandao usikatike. Haviko kwa mupango wake. Kingine ni cha mbele, kingine cha nyuma, hatujui. Nitakupigia vyote, kimoja kimoja. Mujomba iko pale?"

"Niko," mjomba alisema, akainama juu ya simu kama mtu anayepuliza moto.

Ikasikika mikwaruzo, kama mahindi yanayokaangwa. Kisha mama akasema. Uani wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Sauti ilikuwa nyembamba, imepita kwenye diski, kwenye spika ya Kindu, kwenye simu ya fundi na hewani mpaka kwenye banda la kuku, na bado ilikuwa yeye.

"Anaita majina yetu," mjomba alisema. "Ananiita mimi. Anasema tukae tusikilize."

Mahindi yakakaangwa tena. Kipande cha pili kilikuwa kifupi.

"Anasema mutoni. Walikuwa wanaenda kuloweka mihogo, yeye na dada yetu aliyekufa."

"Mutoni wapi?" baba mdogo aliuliza.

"Kule kwetu. Lakini anasimulia tu. Siyo amri."

Katika kipande cha tatu mama alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha wageni wa mpunga. Mjomba naye akacheka, hakuweza kujizuia, akafunika mdomo kwa kiganja, na kicheko cha mama kikakatika katikati.

"Anachekea nini?" niliuliza.

"Sijui. Inaanza akicheka tayari."

"Bado kimoja," fundi alisema kutoka Kindu. Tukasikia jina la baba yangu, wazi kabisa, nikalitambua hata mimi. Baada yake yakaja maneno machache, na mikwaruzo ikayafunika.

Mjomba aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Akaomba tena.

"Anasema bwana wake alikuwa mutu muzuri," mjomba alisema polepole. "Anasema, kwa hiyo. Inaishia pale. Kwa hiyo."

"Kwa hiyo nini?" niliuliza, nikijua.

"Mwipwa wangu, ni pale ndipo imekatwa."

Nikamwuliza fundi kama kuna kingine, hata kidogo, hata pumzi.

"Hakuna, Madamu. Tumepitia diski yote. Kuanzia pale ni picha zako za mabaraza. Zile zimetoka zote, muzima, hata moja haikuharibika. Uniambie kama tuendelee kutafuta."

Mjomba alinyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwangu bila ukali. "Fundi, mimi ni mudogo wake marehemu. Asante kwa kazi. Usitafute tena." Kisha akamgeukia baba mdogo, simu ikiwa bado wazi mkononi mwake na fundi bado akiuliza kama tunamsikia. "Shemeji, waambie vijana wachimbe. Kando ya bwana wake. Mupime vizuri, yaya alikuwa murefu."

Akanirudishia simu. Nilimwambia fundi kwamba tumemaliza, akasema pole mara nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka mtandao ukatukata.